Soda Isiyo na Sukari: Tumwamini Nani?

Somo letu leo linahusu jambo linaloonekana dogo: vidonge, unga na soda zenye utamu bila kuwa na sukari. Wapo waamini wenye kisukari walioshauriwa na ndugu wazitumie, kisha ndugu mwingine akawatisha waziache mara moja. Nani mkweli kati ya hao wawili? Somo hili halimchagulii mtu kinywaji. Linataka tujue namna ya kuipima habari ya afya kabla ya kuiamini, na hasa kabla ya kuisambaza kwa wengine.

Sisi wa Maruku tuna sababu ya pekee ya kulielewa jambo hili. Machi 2023 wenzetu walifariki katika kata za Maruku na Kanyangereko kwa ugonjwa wa homa, kutapika na kutokwa damu. Tarehe 16 Machi Wizara ya Afya ilitangaza kwamba kuna ugonjwa, lakini haikuutaja jina, kwa sababu sampuli zilikuwa bado zinapimwa. Tarehe 21 Machi, baada ya majibu ya maabara ya taifa, Waziri wa Afya Ummy Mwalimu alitangaza kuwa ni virusi vya Marburg. Mlipuko ulitangazwa kumalizika tarehe 2 Juni. Wagonjwa walikuwa 9, na 6 kati yao walifariki, akiwemo mhudumu wa afya. Siku zile tano za kungoja jina zilikuwa ndefu sana. Lakini tukitazama nyuma, tangazo lililosema "bado tunapima" ndilo lililostahili kuaminiwa. Aliyekuwa na jina la ugonjwa tangu siku ya kwanza hakuwa na maabara.

Sasa, katika mwaka huohuo ambao sisi tulihesabu siku za Marburg, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilihusika na matamko mawili makubwa juu ya viongeza utamu bandia: moja la tarehe 15 Mei 2023, jingine la tarehe 14 Julai 2023. Karibu kila ujumbe wa kutisha unaozunguka leo kuhusu soda zisizo na sukari umetokana na matamko hayo, ila umefika kwetu ukiwa umekatwa kichwa na miguu. Tuyasome yalivyo.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Viongeza utamu vya aina hii ni vingi, na kila kimoja kina historia yake. Kuna sakarini, ambayo ndiyo ya zamani kuliko yote. Kuna aspatemu, saiklameti, sukralozi, asesalfemu-K, na kuna vile vinavyotolewa kwenye majani ya mmea wa stevia. Utamu wake ni mkali mno. Aspatemu hushinda sukari mara 200 hivi, ndiyo maana chembe kidogo inatosha chupa nzima. Majina kwenye kifungashio huandikwa kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo za kuumiza macho, kwa hiyo ni rahisi zaidi kutafuta namba: 950 ni asesalfemu-K, 951 ni aspatemu, 952 ni saiklameti, 954 ni sakarini, 955 ni sukralozi, 960 ni stevia. Chukua pakiti ya juisi ya unga dukani uisome. Usishangae ukikuta sukari na viongeza utamu viwili vimewekwa pamoja. Kwa hiyo mtu anayesema "mimi situmii hivyo vitu" huenda anavitumia bila kujua, na mwenye kisukari anayedhani pakiti hiyo haina sukari huenda anainywa sukari.

Tuseme sasa kuna ujumbe wa sauti umeingia kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya: "WHO wamethibitisha, soda zisizo na sukari zinasababisha saratani, okoa maisha, tuma kwa watu kumi." Unapimwaje ujumbe kama huo?

Ukifuata nyayo zake utafika kwenye tamko la 14 Julai 2023. Siku hiyo walizungumza watu wa aina mbili, siyo mmoja. Wa kwanza ni Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), lenye makao yake Lyon, Ufaransa, ambalo liko chini ya WHO. Hilo liliiweka aspatemu katika kundi linaloitwa 2B, maana yake "huenda inaweza kusababisha saratani kwa binadamu", likaeleza kwamba ushahidi uliopo ni finyu. Wa pili ni kamati ya wataalamu ya FAO na WHO inayochunguza viongeza vya vyakula, iitwayo kwa kifupi JECFA. Hiyo ilisema haikuona sababu ya kubadili kiwango ilichokiweka tangu mwaka 1981: mtu anaweza kutumia hadi miligramu 40 za aspatemu kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku.

Wengi huona hapo mgongano. Hakuna mgongano, maswali ni mawili tofauti. Fikiria mamba wa ziwa letu. Ukiuliza, "Je, mamba anaweza kuua mtu?", jibu ni ndiyo, na mzee anayekaa juu kilimani asiyeshuka ziwani atapewa jibu lilelile analopewa mvuvi. Ukiuliza, "Je, mimi niko hatarini kiasi gani?", sharti nijue unaingia majini mara ngapi na mahali gani. IARC hujibu swali la kwanza: kitu hiki kinaweza kudhuru? JECFA hujibu la pili: kwa kiasi gani? Ujumbe wa sauti ulichukua jibu la swali la kwanza, ukaondoa neno "huenda", ukalisoma kana kwamba ni jibu la swali la pili.

Tupige hesabu wenyewe. Mtu wa kilo 70 anaruhusiwa miligramu 2,800 kwa siku. Kopo moja la soda isiyo na sukari huwa na miligramu kama 200 hadi 300 za aspatemu. Angehitaji kunywa makopo 9 hadi 14 kila siku, bila kupata aspatemu mahali pengine, ndipo apite kiwango. Sijui frateri gani ana posho ya kununua yote hayo. Lakini msiishie hapo, hesabu ileile mpigieni mtoto wa kilo 15: yeye anaruhusiwa miligramu 600, yaani makopo 2 au 3. Kwa mtu mzima hofu ile ilikuwa imekuzwa mno. Kwa mtoto anayepewa vinywaji hivi kutwa nzima badala ya maji, mzazi ana sababu ya kuangalia. Namba moja imetupa majibu mawili kwa watu wawili. Habari ya afya isiyotaja kiasi wala mlengwa haijakuambia kitu bado. (Wapo pia watu wachache wenye ugonjwa adimu wa kurithi uitwao fenilketonuria ambao hawapaswi kutumia aspatemu hata kidogo, na chupa nyingi huandika onyo lao.)

Na kundi 2B lenyewe lina nani mwingine? Lina dondoo ya jani zima la aloe vera, ambayo huku kwetu inauzwa kama dawa ya kila kitu, wakati mwingine na mtu yuleyule anayetutisha kuhusu soda. Pombe, kwa upande wake, iko kundi la 1, lile la vitu vilivyothibitika kabisa kusababisha saratani, tangu mwaka 1988. Hiyo ni pamoja na rubisi na gongo. Ajabu ni kwamba sijasikia ujumbe wa sauti wa kutuma kwa watu kumi kuhusu rubisi.

Tamko la 15 Mei ni la aina nyingine, na kwangu mimi ndilo lenye maana zaidi kwa waamini wetu. WHO ilipitia tafiti 283 kisha ikashauri viongeza utamu visitumike kama njia ya kupunguza uzito au kuzuia magonjwa yasiyoambukiza. Sababu? Majaribio ya muda mfupi yalionyesha uzito kupungua kidogo tu. Tafiti zilizofuatilia watu kwa miaka mingi zilionyesha kwamba watumiaji walipata kisukari cha aina ya pili na magonjwa ya moyo kwa wingi zaidi kuliko wasiotumia.

Hapa ndugu zangu mnaosoma Mantiki naomba mtege sikio. Je, hilo linathibitisha kwamba viongeza utamu vilileta kisukari? Nani hasa hukimbilia soda isiyo na sukari? Mara nyingi ni yule aliyekwisha kunenepa, au aliyeonywa na daktari kwamba sukari yake inapanda. Alikuwa njiani kuelekea kwenye kisukari kabla hajafungua chupa ya kwanza. Mnalijua kosa hilo kwa jina la Kilatini: post hoc, ergo propter hoc. WHO wenyewe walilijua, wakaliandika, na kwa sababu hiyo pendekezo lao wakaliita la masharti, siyo la uhakika kamili. Tena waliandika wazi kwamba pendekezo hilo haliwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Sentensi hiyo moja ndiyo iliyopotea njiani kabla ya kufika Kagera. Mama mwenye kisukari anaposikia "WHO wamekataza", halafu akarudi kuweka vijiko vitatu vya sukari kwenye chai yake asubuhi na jioni, amedhurika kwa habari iliyokuwa ya kweli nusu.

Kwa hiyo anayeleta habari aulizwe pia: inamhusu nani? Na aulizwe: ni ya lini?

Swali la tarehe tulitazame kwa mfano wa sakarini. Iligunduliwa mwaka 1879 na Constantin Fahlberg, mkemia aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Marekani. Mwaka 1977 serikali ya Marekani ilitaka kuipiga marufuku kwa kuwa panya waliolishwa kiasi kikubwa walipata uvimbe wa saratani kwenye kibofu. Bunge lao likazuia marufuku hiyo, ila likaagiza kila kifungashio kiwe na onyo. Utafiti uliofuata ukaonyesha kwamba jambo lile linatokana na mkojo wa panya ulivyo, na kwa binadamu halitokei hivyo. Mwaka 1999 IARC iliitoa sakarini kundi 2B, na mwaka 2000 onyo likaondolewa kwa sheria. Mtu anayekutumia leo picha ya onyo la sakarini hadanganyi. Anakuletea gazeti la juzi. Sayansi iliyojisahihisha hadharani namna hiyo inastahili kuaminiwa zaidi, ingawa najua inawachosha watu: "Jana walisema hivi, leo wanasema vile." Ndivyo ilivyokuwa pia Maruku kati ya tarehe 16 na 21 Machi.

Saiklameti nayo ina fumbo lake. Ni kweli Marekani iliipiga marufuku, tangu mwaka 1969, na haijaifungulia hadi leo. Ni kweli pia kwamba nchi za Umoja wa Ulaya na nyingine nyingi zinairuhusu kwa kiwango maalumu. Anayekuambia nusu ya kwanza pekee, au ya pili pekee, ana lake jambo.

Niseme neno kuhusu ushuhuda, maana katika Kanisa neno hili ni zito. Shahidi wa imani anaeleza alichotendewa na Mungu, nasi tunampokea. Lakini ushuhuda wa mtu mmoja kwamba "nilikunywa hiki sukari ikashuka" ni mwanzo wa swali, haujawa jibu. Mwaka 2011 maelfu ya watu walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500 tu. Kisukari kilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyosemwa kuponywa. Sina sababu ya kudhani waliotoa ushuhuda walikuwa waongo. Ila aliyejisikia nafuu ndiye aliyepewa kipaza sauti. Aliyeacha dawa akazidiwa nyumbani kwake hakusikika. Ndiyo maana wataalamu huhesabu wote, waliopona na wasiopona, kisha huwalinganisha na wale ambao hawakunywa kitu hicho.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwanzoni kabisa mwa Summa, akimfuata Boethius, anakiri kwamba hoja inayoegemea mamlaka ya binadamu ndiyo dhaifu kuliko zote. Basi hata "WHO imesema" haimalizi mjadala. Tunaiheshimu kwa sababu inaweka mezani tafiti ilizosoma na mipaka ya inachojua. Naye "Daktari fulani" wa kwenye sauti, asiyetaja hospitali wala utafiti, na ambaye mwishoni anatoa namba ya simu ya kuagiza unga wa mitishamba, huyo amekwisha kujitambulisha kazi yake.

Tuulize wapi, basi? Wizara ya Afya ina namba 199, ambayo kuipiga ni bure, na wengi tuliizoea wakati wa Marburg. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ipo kwa ajili ya maswali ya lishe. Kwa ubora wa vyakula vilivyofungashwa kuna TBS, iliyopokea kazi hiyo mwaka 2019 kutoka iliyokuwa TFDA. Lakini tuielewe alama ya TBS: inasema bidhaa imetimiza viwango, haisemi kwamba ni nzuri kwa mwenye kisukari. Soda yenye sukari tele nayo ina alama hiyo. Kwa mgonjwa mwenyewe hakuna anayemshinda mhudumu anayeliona daftari lake la kliniki, awe kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa pale Bukoba, au Rubya na Kagondo kwa watu wa Muleba. Mpelekee chupa yenyewe au picha ya kifungashio, siyo maelezo ya "kile kidonge cheupe". Mafrateri wenye intaneti wafungue tamko la WHO lenyewe badala ya kusoma kichwa cha habari. Kurasa za mwanzo huwa na muhtasari usiozidi dakika kumi za kusoma.

Asali na juisi ya ndizi zimeulizwa mara nyingi, kwa hiyo nijibu kwa kifupi: ni vitu vya asili, na vyote vinapandisha sukari ya damu. Neno "asili" halipimi kitu kwenye glukomita. Soda ya kawaida ya mililita 350 ina sukari kama gramu 35, karibu vijiko tisa vya chai, wakati WHO inashauri mtu mzima asizidi gramu 50 hivi kwa siku nzima na ikiwezekana abaki chini ya 25. Kwa mwenye kisukari aliyezoea soda mbili kwa siku, kubadili na kuchukua isiyo na sukari ni nafuu ya wazi. Maji ni nafuu zaidi, na hayana namba ya kutafuta.

Kuna mahali pamoja ambapo kinywaji kisicho na sukari ni kosa linaloweza kuua, nalo halizungumzwi vya kutosha. Mtu anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari anaweza kushukiwa sukari ghafla: anatetemeka, anatoka jasho jembamba, anasikia njaa kali, anaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Hutokea hasa akikaa muda mrefu bila kula, kwa mfano asubuhi ya Dominika katika Misa ndefu ya Kipaimara, au katika Kwaresima. Huyo anahitaji sukari halisi, upesi: vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Asipopata nafuu baada ya dakika 15, arudie, kisha ale chakula. Ukimpa soda isiyo na sukari ukidhani unamlinda, hujampa kitu. Akiwa amepoteza fahamu asimiminiwe chochote mdomoni, awahishwe hospitali.

Na asiogope Komunyo. Dawa na maji havivunji mfungo wa saa moja, na Sheria ya Kanisa, kanuni ya 919, inawaruhusu wagonjwa, wazee na wanaowahudumia kupokea hata kama wamekula ndani ya saa hiyo. Makatekista walieleze hili kwa sauti, maana wapo wanaotetemeka kwenye benchi wakidhani wanatii. Katika sakristia, karibu na kisanduku cha huduma ya kwanza, iwepo pakiti ndogo ya sukari au soda moja ya kawaida, iandikwe kwa herufi kubwa INA SUKARI, ili mtumishi wa altare akitumwa mbio asichukue ile nyingine.